Yaliyosomwa na Kawangware Nzima Isipokuwa Mimi na Senje

Nikisikia mtu akitaja Kawangware, hata kama anataja tu mahali alikonunua viazi, masikio yangu hupata moto na naanza kutafuta kitu cha kushika. Mnaonijua mnajua kwa nini, na kwa kuwa kila mmoja wenu ameshawahi kunisimulia mkasa wangu mwenyewe akiutia chumvi yake (kuna mmoja anadai nililia mbele ya watu, na sikulia, niliinama tu kwa muda mrefu), nimeona afadhali niuseme mimi mwenyewe, mara moja, tumalizane.

Kwa wale wageni, mimi ni Isaya, fundi wa simu, kibanda changu kiko Laini Saba, hapa Kibera, kando ya reli, na Jumapili huwa mkurugenzi mkuu wa idara ya skrini katika kanisa letu la Silanga. Hicho cheo nilijipa mwenyewe. Idara ina mtu mmoja, kompyuta moja iliyopasuka kona, projekta moja inayokohoa, na shuka jeupe la kitanda la Senje Rasoa, ambalo tunalitundika ukutani asubuhi watu waimbe wakisoma maneno juu yake, kisha jioni tunalirudisha kitandani kwake. Senje ndivyo sisi Waluhya tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki nikiwa darasa la pili, akanisomesha kwa makaa na sukuma wiki anazouza pale karibu na bwawa, na ndiye anayeongoza nyimbo kanisani kwetu tangu kanisa likiwa la mabati matupu bila hata sakafu.

Kazi ya skrini watu huidharau sana. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kama upo. Ukikosea mara moja, ubeti wa pili ukaja kabla ya wa kwanza, vichwa mia mbili vinageuka nyuma kwa pamoja kukutazama kama wewe ndiye uliyemsaliti Bwana. Mimi sikutaka vichwa vigeuke. Nilitaka mambo yatiririke. Kwa hivyo nilikuwa na mbinu yangu, na niliionea fahari mno: chini ya kila slaidi kuna mahali pa kuandika maelezo, ambayo yanaonekana kwenye kompyuta yako tu huku watu wakiona wimbo peke yake, na hapo ndipo nilipokuwa nikijiandikia kila kitu kitakachotokea. "Hapa Kevo wa besi ataanza mapema, mwache, atarudi mwenyewe." "Hapa sopranu watapanda juu kuliko uwezo wao, omba." Baada ya miaka sita ya kuwachunguza watu wa Mungu kutoka nyuma, nilikuwa nimegeuka nabii, maana kila nilichoandika kilitimia.

Sasa kuna jambo moja ambalo siku hizo lilijulikana na watu wawili tu duniani, mimi na mwenyewe. Senje hajui kusoma. Pale mbele anashika Biblia imefunguka popote inapojisikia, kidole kinatembea kwenye mstari, na andiko linatoka mdomoni bila kosa kwa sababu Ijumaa jioni nilimsomea mara mbili na mara mbili zinamtosha. Nyimbo anazo kichwani zaidi ya mia, na beti zake zote. Enzi za vitabu vya nyimbo hakupata shida, alikuwa anaanza na watu wanamfuata. Shida niliileta mimi na maendeleo yangu, kwa sababu watu wakishapewa skrini hawamfuati tena mtu, wanafuata skrini, na ikionyesha ubeti wa tatu yeye akiwa wa pili, hawezi kugeuka kuangalia wamefika wapi. Tukakubaliana ishara: akigusa kitambaa chake cha kichwa, mimi nasogeza.

Siku moja niliruka ubeti nikichungulia simu. Senje alikwama katikati ya wimbo, akaugeuza kuwa maombi, akaomba kwa machozi, watu wakasema amina kwa nguvu kwamba Roho ameshuka. Tukirudi nyumbani aliniambia neno moja tu. "Leo umeniacha mtoni, Isaya." Hiyo ilinichoma kuliko fimbo, na jioni hiyo hiyo niliandika onyo kwa herufi kubwa chini ya wimbo wake, ili nisirudie. Kumbukeni hilo onyo.

Basi makanisa mawili, letu na lile la Kawangware (dhehebu ni moja, lakini wao wana sakafu ya vigae), yalikubaliana kuunda kwaya moja kwa ajili ya mkutano mkubwa wa injili wa Agosti, na kwaya moja inataka kiongozi mmoja. Majina yalikuwa mawili. Kulikuwa na Madam Wairimu wa Kawangware, mwalimu, mwenye cheti cha muziki kilichowekwa kioo, na kulikuwa na Senje wangu. Sisi tulialikwa kwao Jumapili moja, pasta wetu ahubiri, Senje aimbishe wimbo wa kufunga, halafu wazee wa kanisa watangaze jina. Senje hakusema kitu juu ya hiyo habari, lakini alipiga kitambaa kipya pasi mara tatu, na aliniuliza mara nne kama wimbo uko tayari. Sijawahi kumwona akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na hiki alikitaka.

Tukafika. Nikapokelewa na msichana anaitwa Njeri, ndiye wa skrini pale kwao, ana vifaa vya kusikiliza shingoni na kadi yenye picha kifuani, yaani mtu unamwona tu unajua kwao hawatundiki shuka. Akanipeleka kwenye kijumba cha mbao kando ya jukwaa, wamekijenga nyuma ya ubao ili nyaya zisionekane. Ndani kuna meza, kiti kinachozunguka, na mlango wenye komeo. Nikaketi, nikazunguka mara moja kwa ajili ya heshima ya Silanga.

"Kwenu mnatumianga skrini ama ni ile ya bedshiti?" akaniuliza.

Sasa, mtoto wa watu hakuwa na ubaya. Leo najua aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake, na hata kwao walianza na bedshiti, aliniambia baadaye. Lakini mimi siku hiyo nilisikia Kawangware nzima, na mapaa yake, na vigae vyake, ikicheka kitanda cha senje yangu.

"Tuko na skrini," nikamwambia, na Mungu alisikia.

"Poa. So hii mashini yetu iko na kichwa ngumu na laptopu za wageni. Wacha tutesti dakika moja tu, nikuonyeshe. Pia ujue kale kaTV ka kuonyesha nje kameenda kwa watoto leo, ukiwa hapa ndani huoni kitu."

"Sistee, hii kazi nimeifanya miaka sita," nikasema. "Mimi hufanya na masikio. Enda tu ukae na wengine, ubarikiwe."

Akanitazama kidogo, akainua mabega, akaenda kubarikiwa. Na kwa kuwa watoto walikuwa wanachungulia, nikafunga komeo. Simu nikaizima, kwa sababu mtaalamu hazungumzi na simu kazini. Dakika moja alikuwa ameiomba, na mimi nilikuwa nazo arobaini pale za kukaa bure nikizunguka kwenye kiti.

Zamu yetu ilipofika nikachomeka waya. Wimbo wa vijana wetu ukajaa kwenye kompyuta yangu, mkubwa, safi, bila kitu kingine. Maelezo yangu hayakuwepo. Mtu mwenye akili angejiuliza, kama hayako hapa, yako wapi? Mimi nilijiambia, si kitu, nimeyakariri. Nikakaza kifundo cha tai, nikaanza kazi.

Sitawachosha na utaalamu. Ile mashini ilikuwa imebadilisha skrini mbili. Ya watu ilikuja kwangu, na yangu, ile ya siri, yenye wimbo mdogo upande mmoja na maelezo upande wa pili, ilikwenda ukutani, urefu wa mlango na nusu. Na kwa sababu kompyuta yangu imepasuka, nilikuwa nimeyakuza yale maandishi ili niyaone vizuri, kwa hivyo hata yule bibi aliyekaa karibu na choo aliyasoma bila miwani.

Vijana wakaanza kuimba. Nikasikia kicheko. Nikafikiri, aa, watu wa Kawangware wanafurahia wageni. Ikafika pale pa Kevo, Kevo akaingia mapema kama ilivyoandikwa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kevo naye, akiona amepigiwa makofi, akaongeza sauti. Sopranu walipoanza kupanda nikasikia watu wanasema kwa pamoja, taratibu, "Tuombe." Nikatikisa kichwa kwa heshima. Nikasema moyoni, hawa watu wana roho ya maombi, sisi Silanga tumelala.

Mlango ukagongwa. Nikaendelea kusogeza slaidi. Ukagongwa tena, na sauti ya Njeri ikasema kitu ambacho spika ilikimeza, maana spika yao kubwa imeegemezwa kwenye ubao huo huo, sikio langu liko hapa na spika iko pale. Nikajua amekuja kunionyesha vile kwao wanafanya. "Tuko kwa ibada," nikamjibu kwa upole wa mtu aliyeokoka. Kumbe wazee wao nao wamemwambia akae chini, aache kuwaaibisha wageni. Wenyeji waliona haya kutuambia tumejivua nguo, na kwa adabu hiyo tukaendelea kuvua.

Pasta Obadia akasimama kuhubiri. Huyu ni baba yetu wa kiroho, nampenda, lakini mahubiri yake nimeyaandalia slaidi miaka sita na nayajua kuliko mkewe. Chini ya slaidi ya pili nilikuwa nimeandika, "Sasa anaanza hadithi ya punda aliyepotea. Dakika saba. Mwishoni punda ni wake mwenyewe. Watacheka, sogeza." Yeye anasimama na mgongo kwa skrini, haoni kitu. Akaanza, "Ndugu zangu, kulikuwa na mtu mmoja alipotelewa na punda," na watu wakacheka hapo hapo, kabla punda hajafika hata kwenye lango. Pasta hajawahi kuchekewa mapema namna hiyo maishani mwake. Akaamini upako umeongezeka. Ile hadithi ya dakika saba akaipeleka kumi na nne, akamwongezea punda na mtoto.

Slaidi ya mwisho ya mahubiri ilikuwa na maelezo haya: "Atasema 'namalizia'. Usiguse kitu. Hiyo ni ya kwanza. Hesabu mpaka tano."

"Namalizia," akasema pasta.

"Moja," ukumbi ukajibu.

Mimi kule nyuma ya ubao nikashtuka kidogo, kisha nikatulia. Kila kanisa lina desturi zake. Pasta naye, bila shaka akifikiri vivyo hivyo, akaendelea kwa furaha, na alipofika namalizia ya pili watu wakasema mbili kwa sauti iliyotetemesha ubao, ya tatu ikapigiwa na kinanda, na ya tano waliposimama wote kushangilia, mtu wa Mungu alihisi amepata uamsho aliousubiri tangu chuo cha biblia, akaanza upya. Alimaliza kwenye nane. Nilikuwa nimezunguka kwenye kile kiti nikijipongeza. Nilijiambia, Isaya, hivi ndivyo mambo yanavyotiririka.

Ndipo akaitwa Senje.

Nikasikia viatu vyake kwenye jukwaa, navijua, vina msumari mmoja unaogonga. Nikasikia anakohoa kidogo, anavyofanya akiogopa. Nikasogeza slaidi ya wimbo wake kwa mkono mwepisi, nikaweka sikio tayari, kwa sababu sikuweza kuona kitambaa. Akaanza ubeti wa kwanza, na watu wakaanza naye, na walikuwa bado wana kicheko mdomoni, unakisikia ndani ya wimbo.

Kisha wakanyamaza. Hawakunyamaza wote mara moja. Walipungua, wa mbele kwanza, halafu wa katikati, mstari baada ya mstari, mpaka nikabaki nasikia sauti moja tu, ya Senje, na hata kinanda kimeacha. Mimi hufanya na masikio, si nilisema? Basi masikio yakaniambia kuna kitu kibaya kimetokea huko nje, na bado sikufungua mlango. Nilifikiri labda nimesogeza mapema. Nikamsubiri amalize ubeti. Akamaliza, akaanza wa pili peke yake, sauti yake ikawa na swali ndani, sijui niwaambieje, kama mtu anayebisha hodi kwa nyumba ambayo anajua ina watu.

Halafu kompyuta ikalia, waya wa kwenda nje umekatika.

Hapo ndipo niliposimama. Si kwa ajili ya ule ukimya, naona haya kusema, bali kwa ajili ya waya. Mtu ameniharibia slaidi. Nikavuta komeo, nikatoka nikiwa na hasira ya kitaalamu, nikajikuta niko jukwaani kando ya Senje, na kwa kuwa kipaza sauti chake kilikuwa karibu, Kawangware yote ikasikia nikiuliza, "Ni nani huyo amechomoa waya?"

Alikuwa Njeri. Alikuwa ameushika waya mkononi, na machozi yanamlengalenga. Aliinua simu yake akanionyesha picha aliyopiga ya skrini, na nikasoma maandishi yangu mwenyewe, herufi kubwa, kama nilivyoyaandika usiku ule nikijilaani.

SENJE HASOMI. MFUATE YEYE, USIMRUKE HATA NENO MOJA. AKIPOTEA HAWEZI KUJIPATA.

Watu zaidi ya mia tatu walikuwa wameyasoma. Wazee walioshika jina la kutangaza walikuwa wameyasoma. Madam Wairimu alikuwa ameinamisha kichwa. Katika ukumbi ule wote, mtu pekee ambaye hakuweza kujua kilichoandikwa juu ya kichwa chake alikuwa ni yeye mwenyewe, amesimama pale na kitambaa chake kilichopigwa pasi mara tatu, ananitazama mimi.

"Isaya," akaninong'oneza, "skrini imezima?"

"Imezima, Senje."

"Basi toka mbele ya watu."

Nikashuka ngazi mbili, nikaketi hapo hapo nikainama. (Kuinama, nimesema. Si kulia.) Senje akawageukia watu, akawaambia skrini imelala lakini wimbo haujalala, atawapa maneno nao wamrudishie, kama walivyofanya wazazi wao. Akatamka mstari, akauimba, wakauimba. Akatamka mwingine. Beti nne zote, bila karatasi, bila mtu, bila slaidi. Watu wa Kawangware ambao bila skrini hawawezi hata kumaliza kiitikio cha pambio waliongozwa kama watoto wanaovushwa barabara, na Madam Wairimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua sauti. Miaka sita nimekuwa nikiamini kwamba mimi ndiye ninayemshikilia Senje asianguke. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko zote nilizowahi kuziharibu.

Jina halikutangazwa. Mzee wao mmoja alisema wataomba zaidi juu ya jambo hilo, na sote tulijua wataomba juu ya nini.

Baada ya ibada wakatupa mukimo na nyama, na mama mmoja mwenye roho nzuri akamshika Senje mkono akamwambia, "Pole mama, siyo makosa yako, wakati ule wasichana hawakuwa wanapelekwa shule." Senje akamshukuru. Akamaliza chakula chake chote, polepole. Kisha akaniita nyuma ya ukumbi, akavuta viti viwili vya plastiki.

"Leta hiyo kompyuta. Nisomee."

"Senje, tutaongea nyumbani."

"Umewasomea watu wote. Nisomee na mimi."

Nikamsomea kila kitu. Kwa Kevo alitabasamu. Kwa punda alicheka mpaka akashika mbavu, akasema pasta asiambiwe kamwe. (Ameambiwa. Siku hizi anasema "nahitimisha".) Nikafika kwa wimbo wake nikasita, akangoja, nikasoma.

"Ni ukweli," akasema. "Lakini ulikuwa wangu, Isaya. Mimi ndiye ningeusema."

Nikamwambia pole, nikaona jinsi hilo neno lilivyo jepesi.

"Hebu nionyeshe lile lenyewe. Hasomi. Ni lipi hapo?"

Nikaweka kidole chini yake. Akaweka chake mahali pangu, akalifuata kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi, akalifuata tena.

"Fupi hivi? Hili fupi hivi ndilo limewanyamazisha watu wote wale?"

Barua ikaja wiki mbili baadaye. Ndiyo, barua. Kati ya watu wote wa Kibera, wazee waliona yule wa kuandikiwa barua ni yeye. Nilikuta ameifungua tayari pale kwenye meza ya sukuma, nikanyoosha mkono, akaizuia. Alikuwa anapitisha kidole mstari kwa mstari, bila haraka, mteja mmoja amesimama anasubiri makaa, mpaka akafika chini kabisa kwenye muhuri.

"Halimo," akasema.

"Nini, Senje?"

"Lile neno letu. Nimelitafuta, halimo. Haya, sasa nisomee."

Nikaanza kusoma. Wanamshukuru kwa huduma yake, Mungu ambariki. Wanamwomba awe anakuja Jumamosi kuwafundisha waimbaji wimbo ule wa siku ile. Nikafika mstari wa nne, na macho yakautangulia mdomo, nikaona mbele: uongozi wa kwaya amepewa Madam Wairimu, "kwa kuzingatia mahitaji ya kimaandishi ya wadhifa huo." Nikajua naweza kuuruka. Kidole changu kinajua kuruka, ni kazi yangu, ningesogea tu mstari wa tano, mambo yakatiririka. Lakini nikaukumbuka ule mto alionitajia. Nikausoma wote, neno kwa neno.

Senje akamfungia mteja makaa yake. Akarudi akaichukua barua, akaikunja vizuri.

"Kumbe limo," akasema. "Wamelivalisha suti tu."

Alikitaka kile kiti cha uongozi, na nilimkosesha mimi, kwa kukataa dakika moja ya msichana aliyeijua mashini yake. Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili. Mwenyeji akiniambia tutesti, nitatesti hadi jioni, na mlango uwe wazi. Na sitaandika tena juu ya mtu neno ambalo siwezi kumsomea usoni. Maelezo yangu siku hizi ni mafupi sana. Ijumaa, nikishamsomea andiko la Jumapili, Senje husafisha ubao wa kibanda chake cha sukuma, ananipa kipande cha makaa cha kuandikia, anakunja mikono ya sweta.

"Leo niandikie neno moja la suti," ananiambia. "Yale mafupi nimeshayajua."